Kibatari Kikavu

Mzee Yupo hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na watu aliowachimbia visima, maana kila walipomuuliza, "Fundi, kweli hapa patatoka maji?" alikuwa na jibu moja tu: "Mungu yupo." Mwamba ukigoma, Mungu yupo. Mvua ikibomoa ukingo wa shimo, Mungu yupo. Hata siku ndoo ilipokatika kamba ikamkosa kichwa kwa upana wa kiganja, alipanda juu na tope mpaka kwenye kope, akajipangusa, akasema, "Yupo." Basi watoto wa mtaani wakimwona anapita na kamba begani walimwita, "Mzee Yupo!" naye aliitika, "Yupo, wajukuu!" Jina likakaa, lile la kuzaliwa likasahauliwa.

Mkewe walimwita Mama Kamba. Kisima hakichimbwi na mtu mmoja. Mmoja yuko chini na sururu, mwingine yuko juu na kamba, na uhai wa aliye chini uko mikononi mwa aliye juu. Miaka thelathini na moja Mama Kamba ndiye aliyekuwa juu. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama nyayo. Kamba yake aliifunga fundo kila pima moja, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ajue mtu amefika wapi bila kuchungulia, na aliisoma kama wenzake wasomavyo barua. Ikivutwa mara moja, teremsha ndoo. Mara mbili, pandisha ndoo. Mara tatu, nipandishe mimi.

Walijaliwa watoto wawili, na wote wawili wakaifuata kazi ya baba yao. Wa kwanza wa kiume, mfupi, mpana wa mabega, tangu anatambaa alikuwa akifukua uwanja kwa kijiko. Huyo wakamwita Fuko. Wa pili wa kike, Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango.

Fuko alifia katika kisima cha shule. Mwaka ulikuwa umepita, na mwaka wote huo Mama Kamba hakutaka kulisikia lile neno la mumewe.

*

Mwalimu Mkuu alikuja asubuhi, Mama Kamba akiwa amekaa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Mwalimu huyo alikuwa mwanamke mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alisalimia, akakaribishwa, akakaa kwenye kigoda, akanyamaza. Mtu akinyamaza hivyo nyumbani kwako, ujue amebeba jambo zito.

"Sema tu, mwalimu," Mama Kamba akamwambia. "Maharage hayana masikio."

"Nimekuja kwa ajili ya kile kisima, mama."

Mkono wa Mama Kamba ukasimama juu ya ungo.

"Watoto wanachota mtaroni," Mwalimu Mkuu akasema, huku akitazama chini. "Wiki hii wanane wamelala na tumbo. Mmoja bado yuko hospitali, wanamtilia maji kwa mshipa. Nimetafuta mafundi wengine. Wakisikia ni lile shimo wanakimbia. Wanasema limeshaonja mtu."

"Hawakosei."

"Zimebaki pima mbili tu, mama. Fundi mwenyewe alisema. Mchanga wa chini ulikuwa umeshaanza kulowa."

Mzee Yupo alikuwa kitandani chumba cha pili, lakini pazia halizuii sauti. Wakamsikia anakohoa. Kifua chake kilikuwa kimekwisha. Vumbi la miaka mingi lilikuwa limehamia humo kama mpangaji asiyehama. Akatoka, amejishikia ukutani.

"Nisingekataa, mwalimu," akasema. "Lakini nikishuka mimi, mtanipandisha kwa machela."

"Nitashuka mimi."

Aliyesema ni Kitinda. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba akianika nguo, kumbe sikio lilikuwa ndani. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mabega ya kaka yake.

"Wewe anika nguo," mama yake akamwambia.

"Mama, nimeshuka visima vitatu na kaka, na kimoja peke yangu."

"Na cha tano kitakuzika. Nimesema anika nguo."

"Kuna mtoto anatiliwa maji kwa mshipa, mama."

"Ana mama yake huyo mtoto! Na mimi nina wangu mmoja, mmoja tu, wewe uliyebaki!"

Mwalimu Mkuu akavua miwani, akaanza kuifuta wakati haikuwa na uchafu. Na Mzee Yupo, kwa mazoea tu, kama mtu anavyopiga chafya, akasema polepole, "Mungu yupo."

Mama Kamba akausukuma ungo. Maharage yakamwagika sakafuni, yakaviringika hadi chini ya kabati.

"Usilitaje!" akasema. Sauti yake haikuwa kubwa, na ndiyo maana ilitisha. "Usilitaje neno hilo kwa shimo lile. Siku ile alikuwepo? Alikuwa wapi? Alikwenda sokoni?"

Mzee aliinama kwa shida, akaanza kuokota maharage moja moja.

Kitinda ndiye aliyemaliza shauri. "Mama, wewe usipotaka kushika kamba, Mpishi wa shule atanishikia. Nimeshamuuliza. Jumamosi nashuka."

Mpishi alikuwa mwanamke mwema na mcheshi, lakini Mama Kamba alimfahamu. "Mpishi?" akasema. "Yule hata mwiko humponyoka mkononi, ndiye wa kuushikilia uhai wako?"

"Basi shika wewe."

Ndivyo alivyonaswa. Mtoto akililia wembe, mpe. Lakini hakuna aliyesema mama aende zake asitazame.

*

Yaliyotokea mwaka uliopita watu waliyajua hivi. Usiku ulinyesha mvua kubwa. Asubuhi Fuko alishushwa kisimani, pima kumi na moja, akafika chini akajitoa kwenye kitanzi. Mama yake juu akasubiri mvuto wa kwanza, ule wa kuomba ndoo. Haukuja. Akatania, "Huyu ameketi anatafuna mua." Akasubiri tena. Akaita. Kisha akaitikisa kamba, na kamba ikamjibu kama kamba, si kama mtu.

Chini ya shimo kulikuwa na hewa mbaya. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Hujikusanya chini kama maji yasiyoonekana, hasa baada ya mvua, na mtu akiingia ndani yake hulala kabla hajajua kwamba amechoka. Mzee Yupo alitaka kurukia humo, watu wanne wakamkalia. Fuko alitolewa kwa ndoano, ile ile ya kuopolea ndoo zilizozama. Ilichukua muda mrefu. Ndoano ilimshika mara mbili ikamwachia.

Wachimbaji wote wanajua dawa ya hewa hiyo. Kabla mtu hajashuka, hushushwa kibatari kinachowaka. Moto ukiishi, na mtu ataishi. Moto ukizimika, hashuki mtu. Siku ile kibatari hakikushushwa, na msibani watu walinong'ona: kijana alijitia ushujaa, hakupima hewa. Jirani mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Mchimba kisima huingia mwenyewe." Baba na mama wa marehemu walisikia yote hayo, wakainamisha vichwa. Wakawaacha watu waamini hivyo.

Hayo ndiyo watu waliyoyajua. Mama Kamba alijua zaidi.

Asubuhi ile jiko la mafuta lilizimika uji ukiwa bado maji. Chupa ya mafuta ya taa ilikuwa tupu. Fuko alikuwa kizingitini anafunga viatu, anapiga kelele, "Mama, njaa haina adabu, hebu fanya haraka!" Mama Kamba akakitazama kibatari cha kazi, kilichojazwa jana yake. Akachomoa utambi, akayamimina mafuta yote ndani ya jiko. Alijiambia, nitapita dukani tukiwa njiani. Uji ukachemka. Fuko akanywa vikombe viwili, akalamba mdomo, akasema, "Huu uji leo una nini, mbona mtamu?" Dukani Mama Kamba hakupita. Alisahau, kama mtu anavyosahau kitu chochote.

Pale kisimani alimwona mumewe anakiinua kibatari. Akamwona anakiweka tena chini, nyuma ya jiwe. Wazee wa kamati ya shule walikuwa wamesimama pale na saa zao. Mzee Yupo akasema, "Twendeni. Jana hewa ilikuwa safi. Mungu yupo." Naye Mama Kamba, aliyejua kilichomo ndani ya kibatari na kisichokuwamo, akafumba mdomo kwa aibu mbele ya wageni, akashika kamba.

Basi mwaka mzima alilichukia neno la mumewe, kwa sababu kulichukia neno kulikuwa kwepesi kuliko kukumbuka uji.

Aliacha kusali. Wengine walipofumba macho kabla ya kula, yeye alichezesha midomo bila kitu ndani yake, kama mtu anayetafuna hewa. Na mzee, ingawa kifua kilimbana, hakuacha tabia yake ya kuonyesha vitu. "Tazama sisimizi huyu, mama watoto, amebeba bawa kubwa kuliko nyumba yake. Nani kamfundisha njia?" Au, "Boga limeota jalalani. Hatukulipanda sisi." Zamani angemjibu, "Umeanza, mzee wangu," wakacheka. Sasa alipita na ndoo yake kana kwamba anayesema ni redio.

Dirishani walikuwa na chupa ya kioo. Katika kila kisima mzee alichukua ngumi ya udongo wa kila tabaka, akaipanga humo: mwekundu, wa kijivu, mweupe kama unga, na chini kabisa mchanga wa maji. Alipenda kusema kwamba Mungu alitandika ardhi kama mama anavyomtandikia mgeni kitanda, shuka juu ya shuka, na maji akayaficha chini ya godoro. Baada ya msiba Mama Kamba aliigeuza chupa hiyo, upande uliochafuka ukaelekea chumbani, tabaka zisionekane. Hakuna aliyeigeuza tena.

*

Ijumaa usiku ilinyesha.

Jumamosi asubuhi Mama Kamba alikishusha kibatari kutoka juu ya kabati. Kilikuwa na vumbi na mzoga wa nondo. Akakifuta, akabadilisha utambi, akachukua chupa ya mafuta akaimimina yote humo, mpaka yakafurika na kumlowesha vidole. Hakumwambia mtu.

Shule ilikuwa tupu. Madarasa yamefungwa, ubaoni bado kuna hesabu za jana zinazoonekana dirishani. Kisima kilikuwa nyuma ya jiko, kimefunikwa mbao na mawe. Mwalimu Mkuu alikuwepo, na Mpishi, aliyekuja na kanga mbili kiunoni kama anakwenda vitani.

"Shikamoo, dada," Mpishi akamwambia Mama Kamba. "Nasikia umeninyang'anya kazi."

"Nimekuokoa na kesi."

"Kweli. Mimi hapa nabeba maji kichwani tangu nina meno yote. Shingo imezama kifuani kama ya kobe. Mkiyapata hayo maji nitawapikia mpaka mwombe msamaha."

Hata Mzee Yupo akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akakaa juu ya jiwe. Lilikuwa jiwe lile lile la kibatari.

Wakaondoa mbao. Shimo likawatazama. Mama Kamba hakuwa amelitazama tangu siku ile, na alishangaa kuona ni dogo: duara la giza tu, pana kama meza. Pembeni, katika ufa wa udongo mwekundu, jani moja la jimbi lilikuwa limeota, limejikunja kama kidole cha mtoto mchanga.

Kitinda alikuwa ameshajifunga kitanzi. Akainama, akavuta pumzi puani. "Nasikia harufu ya udongo tu. Hewa safi, mama. Nishushe kabla jua halijapanda, chini kuna joto. Mungu yupo."

Alikuwa mtoto wa baba yake. Neno lilimtoka lenyewe. Mama Kamba akaikamata kamba. Maneno yale yale, mahali pale pale, baada ya mvua kama ile.

"Vua kitanzi," akasema.

"Mama..."

"Vua! Kwanza kibatari."

Akakiwasha, akakiweka ndani ya ndoo, akaanza kushusha. Mafundo yakapita viganjani mwake, naye akahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Kuta za shimo zikang'aa kidogo: udongo mwekundu, kisha wa kijivu. Tano. Moto ulikuwa umesimama vizuri. Sita, udongo mweupe. Saba. Moto ukawa mwekundu, ukajikunyata. Nane.

Ukazimika.

Haukuyumba wala kurukaruka. Ulilala tu, kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja.

"Upepo huo," Kitinda akasema.

"Upepo gani unaingia shimoni?" baba yake akauliza kutoka kwenye jiwe.

Mama Kamba akapandisha, akawasha tena, akashusha. Fundo la nane, ukazimika. Akapandisha mara ya tatu. Hata Mpishi alikuwa ameushika mdomo wake. Moja, mbili, tatu. Saba. Nane. Giza.

Pale pale. Kama vile kuna mtu ameketi kwenye fundo la nane, anangojea, na kila moto unapomfikia anasema: msipite.

Mama Kamba akabaki ameishika kamba, macho shimoni. Mwaka mzima alikuwa akimngojea Mungu aje kujieleza. Alimtazamia katika ndoto, katika sauti, katika mgeni atakayebisha hodi na neno la kumponya. Hakuja mtu. Sasa alimwona, na hakukuwa na faraja yoyote katika kumwona huko. Alikuwa ameketi kwenye fundo la nane. Siku ile pia alikuwa ameketi hapo, tangu alfajiri, na onyo lake tayari, akingoja moto mdogo wa kulitamkia, maana shimo halina lugha nyingine. Ulimi wake ulikuwa ni vijiko vichache vya mafuta. Na ulimi huo yeye, Mama Kamba, aliupikia uji.

"Yupo," akasema.

Wakadhani anaomba. Mwalimu Mkuu akainamisha kichwa.

"Alikuwepo siku ile," Mama Kamba akaendelea. "Mimi ndiye niliyemziba. Kibatari kilikuwa kikavu. Mafuta niliyamimina jikoni nimpikie uji. Nilijua ni kikavu, nikashika kamba, nikamshusha. Fuko hakujitia ushujaa. Msiseme tena hivyo. Mwanangu hakuwa mzembe. Mzembe ni mimi."

Kwa mbali, upande wa barabara, mtu alikuwa akigonga bati, ko, ko, ko.

Mzee Yupo akasema bila kuinua uso, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilikitikisa. Nikasikia hakuna kitu. Nikajua umepikia, maana nilikunywa huo uji. Wale wazee wa kamati walikuwa wamesimama hapa. Sikutaka wakuone mke asiyetunza kitu cha kazi." Akakohoa, akasubiri kifua kitulie. "Nikasema Mungu yupo. Nililisema jina lake ili nisiende dukani, mama watoto. Neno lenyewe ni la kweli. Lakini siku ile nilimsingizia."

Mama Kamba akamtazama. Mwaka mzima walilala kitanda kimoja, kila mmoja na nusu yake ya jiwe, na kila mmoja akidhani mwenzake amelala.

Kitinda akawageukia. "Mlijua wote wawili." Alikuwa ameshikilia kitanzi mkononi kama anataka kukitupa. "Mwaka mzima mimi namlaumu kaka. Nakwenda kaburini namgombeza: kwa nini hukupima, mjinga wewe, kwa nini? Na ninyi mnanitazama nikitoka, mnanitazama nikirudi!"

"Mwanangu..."

"Usiniite."

Akaenda zake hadi ukuta wa darasa la mwisho, akasimama kule akiwapa mgongo. Mpishi alitaka kumfuata, Mama Kamba akamzuia kwa mkono. "Mwache. Ana haki."

Akakaa kule muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na hakumtazama mtu. Alikuwa na panga la shule mkononi na mzigo wa matawi mabichi begani. Akayatupa karibu na shimo.

"Tufukuzeni hiyo hewa," akasema. "Watoto wanakunywa mtaro."

*

Hewa mbaya hufukuzwa kwa matawi. Unayafunga kama fagio kubwa, ukayashusha mpaka chini, ukayapandisha kwa nguvu, ukashusha, ukapandisha, kama mtu anayetwanga. Walitwanga shimo lile mpaka adhuhuri. Mwalimu Mkuu alivua viatu akavuta naye. Mpishi alivuta akihema, akiapa kwamba akizaliwa tena atazaliwa paka. Kitinda na mama yake walivuta kamba moja, mikono imepishana. Kila baada ya muda Mama Kamba alishusha kibatari. Fundo la tisa, kikazimika. La kumi. Mchana kikafika la kumi na moja, kikakaa chini kabisa, nukta ya njano, kikawaka.

Kitinda akanyoosha mkono kuchukua kitanzi.

"Leo hapana," baba yake akasema. "Hewa hiyo huondoka ikarudi kama mwizi. Kesho, kwa kibatari tena."

Jioni Mama Kamba alikwenda kwa yule jirani aliyesema lile neno msibani. Alimweleza kwa sentensi tatu, akiwa amesimama. Jirani alimkaribisha ndani, yeye akakataa. Kisha akaenda nyumba ya pili, na ya tatu. Mwisho sauti ilimkauka, lakini hakurudi mpaka alipomaliza mtaa.

Asubuhi Kitinda alikuta jiko limepoa.

"Chai iko wapi?" Ndilo neno la kwanza alilomwambia mama yake tangu jana.

"Hakuna. Mafuta yako kwenye kibatari."

Kitinda akakitazama kibatari mezani, akamtazama mama yake. Akachukua sufuria ya kiporo, akagawa katika sahani tatu. Wakala baridi. Mzee Yupo alifumba macho kabla ya kula, kama kawaida yake, na Mama Kamba akafumba yake. Hakusema mengi humo ndani. Alimwambia Mungu, "Nimekuona. Sijakusamehe, wala sijui kama wewe umenisamehe. Lakini nimekuona ulipo." Akafumbua, akala.

Kisimani kibatari kilitangulia, ndani ya ndoo yake na kwa kamba ya pili. Moja, mbili, mpaka kumi na moja, nacho kikawaka. Wakakiacha kule chini kiwake. Kisha Kitinda akaingia kitanzini, akatazama juu mara moja, akashuka.

Mafundo yakapita. Udongo mwekundu, wa kijivu, mweupe. La nane likapita kwenye kiganja cha Mama Kamba, akalikaza kidogo kabla ya kuliachia. La tisa. La kumi. La kumi na moja. Uzito ukatoka kwenye kamba: amefika, amejitoa.

Sasa ukaja ule muda. Mama Kamba aliufahamu. Mwaka mzima alikuwa ameishi ndani yake. Hakutania. Hakuita. Chini kabisa nukta ya njano ilikuwa imesimama wima, na karibu nayo kivuli kimeinama, hakisogei. Mzee Yupo alikuwa amepiga magoti ukingoni, mdomo wazi. Neno lake lilikuwa pale mdomoni, Mama Kamba aliliona, na akamwona analimeza.

Kivuli kikainuka. Kilikuwa kimeshika kitu kirefu. Ilikuwa sururu ya Fuko. Mpini wake umeoza.

Kamba ikavutwa mara moja.

Mama Kamba akafunga macho, akayafungua. Akachukua ndoo ya udongo, akaiteremsha.